Bolti Iliyobaki Ukutani kwa Baba

Stoo yangu ilikuwa na mlango mmoja wa bati, dirisha moja la nondo, na sheria moja iliyoandikwa kwa chaki nyuma ya mlango: bolti isiyo na msalaba haipandi ndege.

Aliyeiandika ni fundi wa ndege, Msubi kutoka Biharamulo, Mwislamu wa sala tano, na mimi Mkatoliki wa Nyakisasa nilimtania kwamba amenipita kwa kuupenda msalaba. Hakuwa mtu wa kucheka kazini. Alinieleza kwamba bolti za ndege hutoka kiwandani na alama kichwani, mistari miwili iliyopishana, imevimba kidogo. Ukipitisha kucha, kucha inakwama. Alama hiyo ndiyo inayosema chuma ni cha aina gani na kwamba kimepimwa. Bolti ya trekta inaweza kuwa na unene uleule, urefu uleule na meno yaleyale, ikaingia kwenye tundu lake vizuri kabisa, na bado isiwe ya ndege.

"Dada stoo, borti ya uongo haigombani na mtu," aliniambia. "Inaingia kama mgeni mwenye adabu. Siku ya kutoka, inatoka na nyumba."

Alinifundisha wiki tatu, akaniachia funguo. Kila bolti iliyoingia nilisoma cheti chake, nikanakili namba kwenye leja, nikapitisha kucha. Kila iliyotoka, vivyo hivyo. Nilikuwa nimefika kidato cha pili na sikuruhusu mtu yeyote kijijini asahau hilo. Mdogo wangu aliniita Karani wa Misumari, na watu wakalichukua jina hilo.

Ndege yenyewe ilikuwa ya misheni, ndogo, mabawa juu, gurudumu moja mbele na mawili nyuma. Rubani alikuwa Bruda mmoja mrefu ambaye magoti yalimfika kidevuni akikaa kwenye kiti chake. Ilileta chanjo na kuchukua wagonjwa walioshindikana, kuwapeleka Mwanza. Kiwanja tulikilima wenyewe kwa kazi ya pamoja, mwaka uleule tuliohamishiwa kwenye kijiji cha ujamaa. Tuling'oa visiki, tukasawazisha, lakini mawe ya kwetu hayaishi. Kila mvua ikinyesha yanaota upya. Kwa hiyo mguu wa mbele wa ndege ulichoka haraka, na bolti iliyoushika mguu huo ilibidi ibadilishwe kila baada ya saa kadhaa za kuruka, hata kama inaonekana nzima. Nilimuuliza fundi ikikatika itakuwaje. Akasema pua italala, propela itachimba ardhi, ndege itapinduka, na mafuta yako ndani ya mabawa, juu ya vichwa vya watu. Kisha akaniomba spana.

Vita vilipoanza kule Kagera, malori yote yalichukuliwa. Basi la Ngara likaacha kuja. Shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, aliondoka na mgambo akiwa na blanketi moja, na mdogo wangu akahamia kwangu na mimba ya miezi minne. Vipuri vya Mwanza vikawa hadithi. Niliandika barua mbili, kimya. Ya tatu ikajibiwa kwa pakiti: bolti kumi zinazong'aa, zimeviringishwa kwenye karatasi ya mafuta, vichwa vitupu, hazina cheti. Muuzaji alikuwa ameandika kwa mkono kwamba ni sawa na zile, kilichokosekana ni alama tu. Fundi alizitia zote kwenye debe la bolti za trekta. Trekta lenyewe lilikuwa limekufa tangu mwaka uliotangulia, limekaa juu ya mawe nje ya stoo kama kuku anayeatamia.

Mwenyekiti wa kijiji akapata habari, akaja amefura. "Wenzenu wanakufa vitani, ninyi mnatupa vyuma vipya kwa sababu havina urembo?"

"Mwenyekiti," fundi akamjibu, "siku nikikupandisha humo wewe mwenyewe, ndiyo utaniuliza urembo uko wapi."

Ya mguu wa mbele ikabaki moja tu kwenye stoo, ya haki, yenye cheti chake. Hapo ndipo nilipokosea, na nilikosea kwa majivuno, si kwa shida.

Wageni wa wilaya walikuwa wanakuja kuona kujitegemea kwetu. Kila kikundi kilitakiwa kiwe na kitu cha kuonyesha. Akina mama walikuwa na vikapu, vijana walikuwa na matofali. Mimi na stoo yangu tungeonyesha nini, leja? Nikamkumbuka Baba.

Baba yangu alikuwa mhunzi. Tulipohamishwa alikataa katakata kuondoa fuawe lake, akaendelea kufulia kwenye mahame yetu, mwendo wa saa moja kwa mguu kutoka kijijini, na mwenyekiti akajifanya haoni kwa kuwa majembe yake yalihitajika. Ndani ya kibanda chake, ukutani, yalining'inia majembe, miundu na visu vya watu, kila kimoja kwenye msumari wake. Ukimpelekea Baba jembe akufulie jingine, hakufui linalofanana nalo. Alifua lilelile. Kama la kwanza lilikuwa na pengo, alikuuliza na pengo nalo unalitaka? Lile la mfano aliliita mama, na lililozaliwa aliliita mtoto.

Nikampelekea ile bolti ya ndege pamoja na tatu za kwenye debe. Nilimwambia ni ya maonyesho tu, nataka wageni waone kwamba mhunzi wa Nyakisasa anaweza. Aliigeuza mkononi muda mrefu. Akaupapasa msalaba wake kwa kidole.

"Mwacheni mama hapa," alisema, kana kwamba tulikuwa wengi. "Rudi Jumamosi."

Jumamosi alinipa bolti mbili ndani ya gome la mgomba. Alikuwa amezikata kwa tupa hadi urefu kamili, akazisugua kwa majivu, akazipiga msalaba kwa tindo. Kwa macho hukuweza kuzitenga. "Hao," akasema, na akatabasamu kwa namna iliyonifanya nicheke kwa sauti. Nikajua moja ni mama na nyingine mtoto. Sikumuuliza. Nilikuwa nimesoma, na mtu aliyesoma angemuuliza nini mzee wa mivukuto?

Wageni walikuja, wakashika bolti niliyoichagua, wakapiga makofi. Mkubwa wao akaitia mfukoni akaondoka nayo Ngara, eti wenzake wa ofisini kule kilimani nao waione. Nilitembea kijijini wiki nzima nimeinua shingo. Nyingine niliirudisha kwenye droo ya bolti za ndege.

Wiki iliyofuata fundi akaja mlangoni mikono imejaa grisi. Muda wa bolti ya mguu wa mbele umefika. Nikafungua droo, nikasoma namba ya cheti, nikaitoa bolti, nikapitisha kucha kichwani, nikaandika kwenye leja, nikampa. Aliipokea bila kuigeuza. Ndiyo kazi niliyowekwa kuifanya, ili yeye asiigeuze. Ndege ikaruka wiki mbili, ikatua juu ya mawe yetu mara sijui ngapi, na hakuna kilichotokea.

Kisha uchungu ukamshika mdogo wangu.

Ulimshika asubuhi, ukapita mchana, ukalala naye, ukaamka naye. Nesi wa zahanati alipapasa tumbo akatoka nje akaniita pembeni. Mtoto amelala mkingamo. Hatazaliwa huku. Lazima apasuliwe, na wa kumpasua yuko Mwanza. Lori hakuna, basi hakuna. Tukapeleka ujumbe misheni, na saa tatu asubuhi tukaisikia ndege. Nilimshukuru Mungu kwa sauti kubwa, nikawafukuza ng'ombe kiwanjani mwenyewe kwa fimbo.

Wanaume wanne walimleta kwa ingobyi, machela yetu ya kusuka. Fundi alikuwa ameshang'oa viti vya nyuma. Tukamlaza sakafuni, nesi akapanda karibu na kichwa chake. Mdogo wangu alinishika mkono akasema, kwa midomo iliyopasuka, "Karani, umekagua misumari yote?" Hata pale alinitania. Nikamwambia yote.

Mlango ukafungwa. Bruda akawasha injini.

Baba alikuwa amefika akitembea, amevaa koti lake la kanisani. Nilimwamkia, akaitika, akasimama kando yangu akiitazama ndege. Alikuwa hajawahi kuiona kwa karibu namna ile.

"Mwana wanje," alisema, yaani mwanangu, akiinua sauti kuishinda injini, "borti yangu iko wapi hapo?"

"Yako ilikwenda Ngara na wageni, Baba."

"Hiyo moja. Na ya piri?"

"Ya pili ni mama. Iko pale, mguu wa mbele."

Akanitazama kama anitazamavyo nikisema neno la kitoto. "Mama ninaye mimi. Yuko ukutani. Nimekupa watoto wawiri. Tangu rini mhunzi akamtoa mama kabla watoto hawajala udongo?"

Nilikuwa nimelijua hilo tangu sijaota meno. Jembe la mfano halirudi kwa mwenyewe mpaka lile jipya lilimiwe, lionekane kwamba limeshika. Ndiyo maana ukuta ule ulijaa vyuma vya watu. Nilikua chini ya ukuta huo. Darasa lilikuwa limenifutia nyumbani kwetu.

Ndege ilikuwa imeanza kutembea kuelekea mwisho wa kiwanja, mahali pa kugeukia. Nikakimbia. Viatu vilinitoka vyote viwili. Nilikimbia pembeni mpaka nikaipita, nikasimama mbele yake kwa mbali, mikono juu, nikipiga kelele ambazo hakuna aliyezisikia. Bruda alinionyesha kwa mkono nitoke. Sikutoka. Akanisogelea hadi nikahisi propela inakivuta kitambaa changu kichwani. Ndipo akazima.

Ikabaki sauti moja tu, ya mdogo wangu akilia.

Nikasema. Nilisema mbele ya wote, fundi, Bruda, mwenyekiti, waliobeba machela, kwamba bolti ya mguu wa mbele si ya kiwandani, imefuliwa na Baba kutoka bolti ya trekta, nami ndiye niliyeitoa stoo.

"Hujuma!" mwenyekiti akapaza sauti. "Wakati wa vita! Hii ni hujuma, na mhunzi atakamatwa hapahapa!"

Baba akapanua viganja. "Mikono iriyofua ni hii. Kamata. Rakini kwanza mtoto aende."

Fundi alichukua zana zake. Aliweka jeki, akalala chini ya pua ya ndege, nikaona miguu yake tu. Spana iliteleza, akaiweka tena. Bolti ilikataa kutoka. Aliigonga, ikakataa, akaigonga tena, mpaka ikatoka kwa shida, na alipoinuka alikuwa ameishika kwa vidole viwili. Ilikuwa imepinda. Si sana, ila ukiiweka juu ya kitu bapa ungeona mwanga unapita chini yake. Chini ya kichwa palikuwa na ufa mwembamba wa unywele. Fundi akapitisha kucha juu ya ule msalaba, mara mbili. Kisha akampa Bruda aione, akaniangalia mimi, akaangalia pembeni.

"Usipoziba ufa," akaanza, na akaacha methali hapohapo. Akasema, "Nataka ya haki. Sasa."

Nikachukua baiskeli ya mwenyekiti bila kuomba. Sikumbuki njia ile. Nakumbuka kibanda, giza lake la mchana, harufu ya makaa, na ukuta. Majembe, majembe, mundu, jembe. Mikono yangu iliangusha vitu vya watu chini. Nikaiona kwenye msumari wa chini kabisa, imefungwa kwa uzi wa gome, nzuri, imetulia. Nikapitisha kucha. Ikakwama. Sikuwa na mfuko, wala sikuthubutu kuishika pamoja na usukani, nikaibana kwa meno njia nzima. Kwenye mteremko wa mto nilianguka, goti likachanika hadi leo lina kovu, na sikufungua mdomo.

Fundi aliipokea akaisafisha kwa petroli. Akafungua leja yangu, akasoma namba ya cheti, akaipima bolti, akaikagua jino moja moja. Halafu akasimama nayo mkononi, na mimi nikajua kwa nini. Sheria ilikuwa inasema bolti iliyotoka stoo ikaenda pasipojulikana ni taka. Chuma cha ndege kikitiwa motoni mara moja tu kinaweza kupoteza nguvu zake zote, na huwezi kuona kwa macho. Bolti hii ilikuwa imekaa wiki nne kwa mhunzi.

Akamwendea Baba. Walikuwa wameshaamkiana, lakini akaanza upya.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Uriitia motoni?"

"Hapana."

"Uriigonga? Hata kidogo? Uriibana na koreo?"

"Niriipima kwa uzi, nikaitundika. Mama hapigwi."

"Mzee, naomba uape."

Baba alinyoosha mkono kuelekea mlango wa ndege, ambako sauti ilikuwa sasa imekuwa ndogo, na hiyo ilitutisha kuliko makelele. "Mwanangu yumo humo. Unataka niape kwa nani mwingine?"

Fundi akamtazama Bruda. Bruda akajishika shingo, akaitikia kwa kichwa. Fundi akalala tena chini ya ndege. Alipomaliza alichukua kalamu yangu, akaandika kwenye leja yale yote aliyoyafanya kinyume cha sheria, neno kwa neno, akatia saini, akamfanya Bruda naye atie. Kisha akatuambia tuondoe mawe. Kijiji kizima kilitembea kiwanjani kimeinama, hata mwenyekiti, tukiokota mawe mbele ya gurudumu.

Ndege iliruka jua likiwa limekaribia utosi. Tulikuwa tumeichelewesha saa mbili na zaidi.

Bruda alirudi kesho yake na habari. Mdogo wangu yu hai. Mtoto alikuwa wa kiume, na hakulia. Daktari alisema huenda alikwisha kufa kabla hawajamfikisha kiwanjani kwetu, na huenda sivyo. Hakuna wa kujua. Hilo la huenda ndilo nimeishi nalo.

Baba hakukamatwa. Mwenyekiti alipoishika ile bolti iliyopinda, hasira zote zilimwisha. Lakini Baba mwenyewe alivitoa ukutani vyuma vyote vya watu, akavirudisha nyumba kwa nyumba, kwa mguu, na tangu siku hiyo akifua hakunakili alama ya mtu mwingine tena. Fundi hakuninyang'anya funguo. Wala hakuniuliza neno kuhusu siku ile niliyompa bolti mlangoni, na nilidhani ni huruma. Sasa nadhani alikuwa ameshajijibu mwenyewe, pale alipopitisha kucha mara mbili.

Mdogo wangu alirudi baada ya wiki tatu, kwa ndege ileile. Aliteremka polepole, ameshika tumbo, mikono mitupu. Watu walimpokea kwa kilio. Aliwapita wote akaja stoo.

"Nionyeshe," alisema.

Nikafungua droo, nikampa bolti iliyopinda. Alikaa nayo muda mrefu juu ya debe la bolti za trekta, akiizungusha vidoleni. Akapitisha kidole gumba juu ya ule msalaba wa Baba, akarudi, akapitisha tena.

"Ulijua lini?" akaniuliza.

"Asubuhi ileile. Baba aliponiambia."

Akaitikia kwa kichwa. "Dada, watu wananiambia ulisimama mbele ya propela," akasema. "Asante kwa kusema. Mwingine angenyamaza."

Nilimjibu uongo. Nilijua siku niliyompa fundi. Nilipitisha kucha kama nilivyofundishwa na kucha haikukwama. Ilizama, kwenye kijimfereji cha tindo ya Baba. Nilisimama pale pengine kwa muda wa kuvuta pumzi mbili. Nikajiambia ni uchafu, nikajiambia imesuguliwa na majivu, nikajiambia lolote isipokuwa kwamba nimepoteza bolti ya mwisho ya ndege kwa ajili ya makofi ya wageni. Fundi alikuwa mlangoni amenyoosha mkono. Ningesema pale, ndege ingelala siku moja, bolti ingeletwa kutoka ukutani, na wiki mbili baadaye mdogo wangu angeruka saa tatu asubuhi.

Mficha uchi hazai, husema watu, na katika nyumba yetu aliyeficha ni mimi na asiyezaa ni yeye, maana baada ya ule upasuaji hakupata mimba tena. Ametangulia mbele ya haki sasa, kama Baba. Nilikuwa naye siku za mwisho, nikimlisha uji, na mara nyingi nilifungua mdomo nimwambie. Kila mara aliniwahi, akawaambia waliokuja kumwona, "Huyu ndiye dada yangu aliyesimamisha ndege."